Uzito umeupita urefu: mwongozo kamili wa kuelewa na kuzuia unene uliozidi kwa mtoto wako

Mpaka anatimiza miaka mitano, mtoto wa Kitanzania anafuatiliwa na mizani. Mama anamfunga mgongoni mpaka kliniki, mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kile kikaptula cha kupimia, ananing'inizwa huku analia, na nesi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiangukia kwenye kijani, mama anarudi nyumbani roho nyeupe. Zikishaisha chanjo wengi wanaanza kutega, na mtoto akishafika miaka mitano kliniki yenyewe imekwisha. Tangu hapo hakuna anayempima mpaka siku atakapougua.

Na miaka hiyo isiyo na mizani, kuanzia darasa la awali mpaka kidato cha kwanza, ndiyo ambayo uzito wa watoto wengi wa mjini huanza kuuacha urefu nyuma. Mzazi hugundua kwa sare: sketi haifungi tena kiunoni, lakini urefu wake bado unamtosha mtoto. Ukiona hivyo, soma taratibu mpaka mwisho. Kama hujaona, soma pia, maana kuzuia ni kazi nyepesi kuliko kurudisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walikuwa wamefikia kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka huohuo ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 4 tu wana uzito uliozidi. Ukiishia hapo utasema hili ni tatizo la watu wengine. Lakini takwimu hiyo inaishia palepale kadi ya kliniki inapoishia, miaka mitano. Tena udumavu na unene si maadui. Vinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja. Mtoto mfupi kwa umri wake anaweza kuwa na kilo "za kawaida" kwa umri huo, kumbe kwa urefu wake ni mzito. Mchoro wa uzito kwa umri hauwezi kukuonyesha hilo.

Kwanza tuelewane kuhusu sababu

Mtoto hanenepi kwa sababu ni mlafi au mvivu. Kuna watoto waliozaliwa na miili inayotunza mafuta haraka, na wazazi wao wakijitazama kwenye kioo wanajua urithi huo umetoka wapi. Kuna wale ambao mama zao walipata kisukari wakati wa ujauzito, na wale walioanza maisha kwa utapiamlo kisha wakalishwa kwa kasi kufidia. Miili hiyo inaingia kwenye nyumba ambayo soda iko friji, shule ina basi, uwanja wa mtaani umejengwa fremu za maduka, na simu iko mezani. Urithi huwezi kuugusa. Nyumba unaweza. Ndiyo maana hatua karibu zote hapa chini zinaihusu nyumba nzima, na ukimchagua mtoto mmoja umfanyie "dayati" peke yake utashindwa ndani ya wiki moja.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Macho ya mzazi si kipimo. Tunalinganisha na watoto wa jirani, na siku hizi nao wamenenepa.

Unahitaji mizani na tepu ya fundi cherehani. Mizani ya duka la dawa inatosha. Hata ya yule kijana wa stendi inafaa, mradi urudi kwa huyohuyo mara nyingine, kwa sababu mizani mbili hazikubaliani. Mtoto avue viatu na sweta, atoe vitu mfukoni. Urefu mpime nyumbani: asimame bila viatu, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele. Laza kitabu kigumu juu ya kichwa kiwe sambamba na sakafu, chora alama ukutani kwa penseli, kisha pima kutoka sakafuni. Kama ni binti aliyesukwa nywele za kusimama, subiri siku anafumua. Sentimita tatu za nywele zinaharibu hesabu yote.

Sasa gawa kilo kwa urefu wa mita, halafu jibu uligawe tena kwa urefu uleule. Binti wa miaka 10 mwenye kilo 42 na urefu wa sentimita 140: 42 gawanya kwa 1.4 ni 30. 30 gawanya kwa 1.4 ni 21.4. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaingiza namba kwenye kikokotoo cha watu wazima, kinawajibu kwamba 21.4 ni sawa kabisa, wanalala usingizi. Kwa mtu mzima ni sawa. Kwa mtoto wa miaka 10 si sawa, kwa sababu mipaka ya watoto hubadilika kwa umri na jinsia. Hii hapa mipaka ya WHO kwa baadhi ya umri. Namba ya kwanza ukiipita ni uzito uliozidi, ya pili ukiipita ni kiribatumbo:

- Miaka 5: wavulana 16.6 na 18.3, wasichana 16.9 na 18.9
- Miaka 8: wavulana 17.4 na 19.7, wasichana 17.7 na 20.6
- Miaka 10: wavulana 18.5 na 21.4, wasichana 19.0 na 22.6
- Miaka 12: wavulana 19.9 na 23.6, wasichana 20.8 na 25.0
- Miaka 15: wavulana 22.7 na 27.0, wasichana 23.5 na 28.2

Binti yetu wa 21.4 ameupita mpaka wa kwanza, wa pili bado. Kama umri wa mwanao uko katikati ya hiyo, nenda na namba zako kwa afisa lishe au kituo cha afya wakuangalizie kwenye chati.

Huna mizani? Chukua uzi. Pima nao urefu wote wa mtoto, kuanzia utosini hadi kisiginoni, ukate, kisha ukunje katikati. Huo uzi uliokunjwa uzungushe kiunoni, katikati ya mbavu ya mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, mtoto akiwa amepumua nje kawaida. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chake kimepita nusu ya urefu wake, na mafuta yamejikusanya tumboni, mahali penye madhara zaidi. Kipimo hiki kinafaa kuanzia miaka mitano.

Kwa walio chini ya hapo, rudi kliniki na uombe kwa jina: "Nesi, naomba mwanangu apimwe uzito kwa urefu." Usipoomba, huenda ukapewa uzito kwa umri tu.

Hatua ya 2: Weka lengo sahihi

Mzazi akishaona namba, kinachofuata ni kumnyima mtoto chakula. Acha. Mtoto bado anakua, na huo ndio msaada ambao mtu mzima hana. Mara nyingi hahitaji kupunguza hata kilo moja; anahitaji kilo zisimame, au ziongezeke polepole, huku urefu ukipanda.

Tumrudie binti wa kilo 42. Mtoto wa umri wake anaweza kurefuka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Tuseme mwaka mmoja baadaye ana sentimita 146 na kilo zilezile 42. BMI yake sasa ni 19.7. Mpaka wa uzito uliozidi kwa msichana wa miaka 11 ni 19.9. Amerudi ndani ya mstari bila kupungua hata gramu, bila kulala njaa hata siku moja.

Hesabu hii haimfai kijana aliyekwisha kurefuka, wala mtoto aliyeuacha mpaka wa pili mbali sana. Hao wanahitaji mpango wa daktari na afisa lishe.

Hatua ya 3: Kabla ya kulaumu chakula, angalia kabati la dawa

Mtoto mnene kwa sababu ya chakula na kukaa tu huwa kwa kawaida mrefu kiasi kuliko wenzake. Akiwa mnene halafu ni mfupi, au ameacha kurefuka, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali. Huenda homoni za tezi ya shingoni au homoni nyingine zina hitilafu.

Kisha kuna dawa. Dukani utauziwa sharubati ya "kuongeza hamu ya kula" kwa maelezo ya dakika moja. Nyingi zina saiproheptadini, dawa ya mzio ambayo moja ya athari zake ni kumfanya mtoto ale na kulala. Mbaya zaidi ni deksamethasoni na ndugu zake, steroidi zinazovimbisha uso na tumbo na kuzuia mtoto asirefuke. Mama anaona mashavu, anamshukuru muuza duka. Kama mwanao amekuwa akipewa kitu cha namna hii, peleka chupa yenyewe kwa daktari. Usiikatishe steroidi ghafla kama ametumia kwa muda mrefu, maana mwili unaweza kushindwa kujitegemea.

Hatua ya 4: Anza na vinywaji

Kama una nguvu ya kubadili jambo moja tu mwezi huu, basi liwe hili. Sukari ya kunywa haishibishi. Mtoto akila mihogo anapunguza wali. Akinywa soda, wali anaumaliza vilevile.

Soda ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, sawa na vijiko 9 vya chai. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayokula mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,600 hivi, asilimia 10 ni gramu 40. Chupa moja imekula karibu zote.

Jifunze kusoma nyuma ya chupa. Tafuta sukari kwa kila mililita 100, zidisha kwa ujazo wa chupa kwa mililita, gawanya kwa 100 upate gramu, kisha gawanya kwa 4 upate vijiko. Kinywaji chenye gramu 11 kwa mililita 100, chupa ya nusu lita: gramu 55, karibu vijiko 14. Mwite mtoto, mpe kijiko na kopo la sukari, mwambie apakue vijiko 14 kwenye glasi tupu. Hutahitaji kuhutubia.

Nami nawajua wazazi watakaosema, "Kwetu soda haiingii, tunakunywa juisi fresh." Tunda likishakamuliwa na kuchujwa, sukari yake WHO inaihesabu pamoja na ile ya kopo, na nyumba nyingi huongeza ya kopo juu yake. Juisi ya miwa ni sukari yenyewe kabla haijakauka. Juisi ya unga ni sukari, rangi na harufu. Unga wa glukosi "apate nguvu za kusoma" ni sukari tupu. Mpe embe alitafune, mpe chungwa alimenye.

Halafu ipo sukari isiyoonekana: ile inayotiwa ndani ya chupa ya chai asubuhi kwa ajili ya wote. Hapo hakuna anayejua amekunywa vijiko vingapi. Ondoa sukari kwenye chupa; chai ipikwe bila, kila mtu atiliwe kikombeni kwa kijiko. Kama mtoto alizoea vitatu, mpe viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja na nusu, kisha kimoja. Ulimi unazoea. Ukikata vyote siku moja utapigiwa kelele mpaka na baba watoto.

Maji yawepo, yachemshwe, yapoe, yawe mahali mtoto anafikia. Mpe chupa yake ya maji ya kwenda nayo shule, kwa sababu shule nyingi hazina maji ya kunywa ya kuaminika, na duka la shule lina soda wakati wote.

Hatua ya 5: Hesabu dumu na mfuko, usihesabu kijiko cha mtoto

Kumfuatilia mtoto kila tonge ni kuchokozana. Fuatilia manunuzi. Familia ya watu watano inayomaliza dumu la lita tano la mafuta kwa mwezi, kila mmoja anapata wastani wa lita moja, yaani mililita 33 hivi kwa siku. Hizo ni kama kalori 270 kwa mtu, kabla hujahesabu ugali, wali, wala nazi. Na humo hamna mafuta ya chipsi za barabarani wala maandazi ya dukani. Familia hiyo ikimaliza kilo nne za sukari kwa mwezi, ni gramu 27 kwa mtu kwa siku, karibu vijiko 7, kabla ya soda na biskuti.

Mafuta si sumu, mtoto anayahitaji. Lakini jaribu dumu la lita tano lifike wiki sita badala ya nne, na kilo nne za sukari zigeuke mbili na nusu. Njia ni za kawaida. Acha kumimina kutoka kwenye dumu, pima kwa kijiko kikubwa. Mchicha na matembele havihitaji kuogelea. Viazi, magimbi, mihogo na ndizi vichemshwe siku nyingi, vikaangwe siku chache. Chapati ziwe za Jumapili. Chipsi mayai iwe safari, isiwe chakula cha usiku ambao mama amechelewa foleni. Kwa usiku kama huo weka maharage yaliyokwisha kuchemshwa kwenye friji, au mayai na mkate na nyanya.

Uji wa lishe nao useme ukweli wake. Ule wenye ulezi, mahindi, karanga, maziwa, siagi na sukari ulitengenezwa kwa ajili ya tumbo dogo la mtoto anayeanza kula, au aliyepungua. Mtoto wa darasa la nne akinywa kikombe kikubwa cha uji huo, halafu chai na maandazi mawili juu yake, amekula asubuhi mbili. Achague kimoja.

Hatua ya 6: Sahani, sinia na kauli ya "maliza"

Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, choroko, dagaa, samaki, yai au nyama. Ngumi ya mtoto mwenyewe ndiyo kipimo cha ugali au wali wake wa kuanzia. Ngumi ya baba ni ya baba. Akitaka kuongezwa, aongezewe mboga na maharage kwanza.

Kula pamoja kwenye sinia ni jambo zuri na sitaki mtu aliache. Tatizo ni kasi. Watoto wanne wakizunguka sinia la pilau, anayekula polepole anabaki na wali mkavu, kwa hiyo wote wanajifunza kukimbiza matonge kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limetosha. Huchukua kama dakika 20. Mtengee kila mtoto upande wake, au mpakulie kila mmoja sahani huku mkikaa mkeka mmoja. Televisheni izimwe.

Halafu "maliza chakula chako." Tumelelewa hivyo sote, na ilikuwa na maana wakati chakula kilikuwa haba. Mzazi aamue kinapikwa nini na kinaliwa saa ngapi. Mtoto aamue ameshiba au bado. Pakua kidogo, ili kusiwe na cha kutupa. Na anayemkimbiza mtoto wa miaka miwili uani na kijiko, au kumbana pua ili ameze, anamfundisha mtoto kutousikiliza mwili wake.

Hatua ya 7: Hela ya shule

Shilingi mia tano au elfu moja kila siku, mara siku tano kwa wiki, na hakuna anayejua zimenunua nini. Barafu, visheti, bisi, biskuti, mihogo ya kukaanga, vipakti vya chumvi na rangi. Funga kitu: mhogo au mahindi ya kuchemsha, yai, ndizi mbili, karanga kiganja kimoja. Hela iwe ya Ijumaa, au siku mbili alizochagua mwenyewe. Kumkataza kabisa kunamfanya aombe kwa wenzake.

Kikao cha wazazi kikija, simama useme kuhusu duka la shule. Ombi dogo linapita kuliko hotuba: matunda yauzwe mlango uleule, na soda isiuzwe saa za masomo.

Hatua ya 8: Mwili utembee, kisha ulale

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji angalau dakika 60 kwa siku za kuhema na kutoka jasho, na si lazima ziwe mfululizo. Rede, kombolela, kuruka kamba, mpira wa makaratasi, baiskeli, vyote vinahesabika. Mdako hauhesabiki, unachezwa mtu amekaa. Kazi za nyumbani nazo zimo: kuchota maji, kufagia uwanja, kufua soksi zake. Nyumba yenye dada wa kazi inayomfanyia mtoto kila kitu inamnyima mazoezi ya bure.

Mtoto mzito hapendi kukimbizana na wenzake kwa sababu anachekwa, si kwa sababu ni mzembe. Mwanzishie kitu anachoweza kukifanya vizuri: kuogelea, ngoma, kutembea na wewe mpaka sokoni jioni. Shuka naye kituo kimoja kabla ya chenu. Na tuisheni ya kila siku mpaka saa 12 jioni, kisha Jumamosi tena, ijadiliwe upya. Simsemi mtu anayeogopa mtihani wa darasa la saba, ila saa moja ya kucheza haijawahi kumfelisha mtoto.

Usingizi mfupi huongeza njaa. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 11. Kama basi linampitia asubuhi na anaamka saa 11 alfajiri, basi saa 2 usiku awe amelala, na tamthilia ya saa 3 si yake. Simu zilale sebuleni. Walio chini ya miaka miwili wasipewe skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja.

Bibi, shangazi na majirani

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Kwetu unene wa mtoto ni cheti cha malezi: "Mtoto kanawiri, mama yake anajua kulea." Tena waliozika watu miaka ya tisini, wakati wembamba ulikuwa unanong'onezwa kama ugonjwa, hawawezi kuona mtoto anapungua mashavu wakanyamaza. Usibishane na woga huo. Mpe bibi kazi.

"Shikamoo mama. Mjukuu wako nimempeleka akapimwa, wamesema tumsaidie uzito usizidi mifupa. Mimi ananikatalia. Wewe anakusikia. Naomba akija kwako umpe mapapai yako ya uani badala ya soda." Bibi aliyeombwa msaada ni mlinzi mkali kuliko wewe. Bibi aliyekatazwa atampa soda jikoni kwa siri.

Dada wa kazi naye akae kwenye mazungumzo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiye anayepakua.

Na majina yakome. "Bonge", "kibonge", "tipwatipwa", hata kwa mapenzi, hata kutoka kwa mjomba. Mtoto anayechekwa nyumbani anakula akijificha. Usimpime mbele ya wageni, usimlinganishe na dada yake, usizungumzie unene wake na shangazi kwenye simu akiwa chumbani. Mbele yake zungumzia mnachofanya nyote: sisi hapa tunakunywa maji, sisi tunatembea jioni.

Kama mtoto bado yuko tumboni au hajafika miaka miwili

Hapa kinga ndiyo rahisi zaidi. Mjamzito apimwe sukari. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Uji wake usitiwe sukari. Hajui kwamba inapaswa kuwepo. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama na ana minofu minofu usimpunguzie titi wala chochote. Anayetumia chupa mwangalie dalili za kushiba: akigeuza uso, imetosha, hata kama zimebaki mililita 50.

Wakati wa kwenda hospitali bila kusubiri

Iko dalili moja ambayo nimewaona akina mama wakipambana nayo kwa dodoki: weusi mnene kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani. Wanadhani ni nongo, wanamsugua mtoto mpaka ngozi inawaka, weusi hautoki. Si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, inafanya kazi kwa shida, na mtoto anahitaji kupimwa sukari. Acheni kumsugua, mpelekeni.

Nyingine: kiu na kukojoa sana, kukoroma kunakokatika katikati kama anakosa pumzi, na kusinzia darasani, maumivu ya kichwa pamoja na kuona ukungu, miguu inayozidi kupinda, matiti kuanza kabla ya miaka 8. Kijana mzito anayeanza kuchechemea, au anayelalamika nyonga au goti bila kuanguka, apelekwe siku hiyohiyo na asitembezwe, maana kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeteguka kwenye nyonga. Kwenye kiribatumbo, omba pia apimwe shinikizo la damu kwa mkanda unaomtosha mkono.

Chai za kupunguza tumbo, majani ya kuharisha, maji ya ndimu kabla ya kula, kufunga kwa siku nzima: hakuna hata kimoja cha mtoto. Vinamtoa maji na madini, mafuta yanabaki.

Kupima tena

Usimpandishe mizani kila Jumapili. Baada ya miezi mitatu rudi kwenye mizani ileile na alama ileile ya ukutani, piga hesabu, andika tarehe. Uzito ukiwa umesimama na penseli imepanda, endelea hivyohivyo, usiongeze ukali. Ukiwa umepanda, rudi kwanza kwenye dumu na mfuko wa sukari, kisha uliza kwa upole anakunywa nini akiwa shule na akiwa kwa bibi. Miezi sita ikipita na BMI bado inapanda licha ya hayo yote, chukua karatasi yenye namba zako umpelekee daktari au afisa lishe wa hospitali ya wilaya. Namba zilizopimwa kwa tarehe zitamsaidia kuliko maelezo ya mdomo.